Elmi ya Kichina kwenye chungu: mwongozo kamili wa kuitunza ivuke mwaka wa kwanza

Maswali kuhusu bonsai (mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu) ya elmi ya Kichina yanafanana mno. Mti umenunuliwa ukiwa na majani mabichi, ukawekwa juu ya meza ya sebuleni, ukamwagiwa maji kidogo kila asubuhi. Baada ya wiki tatu majani yakawa manjano na kuanza kupukutika. Mwenye mti akaongeza maji. Mti ukafa.

Elmi ya Kichina, ambayo jina lake la kitaalamu ni Ulmus parvifolia, ni mmoja wa miti migumu kufa ambayo mtu anaweza kuanza nayo bonsai. Inastahimili joto, inastahimili baridi kiasi, na ukiikata inachipua upya. Ikikufia, karibu kila mara chanzo ni kimojawapo kati ya viwili: imefungiwa ndani ambako mwanga hautoshi, au mizizi imekosa hewa kwa sababu ya udongo mbaya na maji ya kukisia. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye maji na udongo. Umbo, waya na mkasi vitangoja.

## Andaa hivi kwanza

Mti wenyewe. Kabla ya kulipa, shika shina karibu na udongo ulitikise taratibu. Likicheza kama jino bovu, mizizi ina shida. Kisha kwaruza gome la tawi dogo kwa ukucha: chini yake pawe kijani na pawe na unyevu. Ulaya miti hii huuzwa mara nyingi ikiwa na kibandiko cha Zelkova, jina la mti mwingine wa jamaa yake. Tazama majani: madogo, yana meno pembeni, yanapishana kushoto na kulia kwenye kitawi. Gome la mti uliokomaa hubanduka vipande vipande na kuacha mabaka ya rangi ya chungwa.

Chungu chenye matundu ya kutosha chini. Kwa mti wa kimo cha sentimita 25, chungu cha sentimita 20 kwa 15, chenye kina cha sentimita 6, kinatosha.

Mchanganyiko wa kupandia, lita mbili hivi kwa chungu hicho:
- sehemu 2 za pamisi, yaani yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu;
- sehemu 1 ya matofali ya kuchoma yaliyopondwa;
- sehemu 1 ya mboji iliyooza kabisa, isiyonuka.

Walioko Ulaya na Marekani wanapata akadama, udongo wa punje kutoka Japani, madukani. Tumieni akadama, pamisi na mawe ya lava kwa vipimo sawa.

Machekeche mawili, moja la matundu ya milimita 6 na jingine la milimita 3. Punje zinazopita la kwanza na kubaki juu ya la pili ndizo unazotaka. Vumbi lote litupe, kwa kuwa ndilo linaloziba nafasi za hewa.

Vifaa vya mkono: mkasi mkali wa bustani, koleo la kukatia waya, waya wa alumini wa milimita 1 hadi 3, vipande vya wavu wa plastiki vya kufunika matundu, kijiti cha mishikaki, na kopo la kumwagilia lenye kichwa cha matundu madogo.

Mbolea ya maji yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa uwiano unaokaribiana.

Usitumie mchanga wa pwani, una chumvi. Usiponde matofali ya saruji, kwa sababu saruji huujaza udongo chokaa. Udongo wa shambani nao uache shambani: kwenye chungu chenye kina cha sentimita 6 hushikamana ukawa kama sakafu.

Jambo moja kwa wanaopanga kubeba mti kutoka nje ya nchi: Kenya inadai kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mmea haujasafirishwa, na Tanzania mamlaka husika ni TPHPA, yaani mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mti uliofichwa kwenye sanduku la nguo huweza kuleta wadudu na magonjwa mashambani mwa watu wasiohusika kabisa na bonsai. Tafuta mti kwa wakuzaji walio karibu nawe, au anza na kipandikizi kama ilivyoelezwa mwishoni.

## Hatua ya 1: Utoe nje

Kibandiko kikisema "bonsai ya ndani", kisikudanganye. Elmi ni mti wa nje. Nyumbani kwake, kuanzia China hadi Korea na Japani, inakua juani. Ndani ya chumba macho yako yanaona pako angavu, lakini mita mbili kutoka dirishani mwanga uliobaki ni sehemu ndogo tu ya ule wa nje, nao mti unaanza kula akiba yake.

Uweke mahali panapopata jua la asubuhi kwa saa nne au zaidi. Kibaraza, roshani au ukuta wa ua panafaa. Nairobi, Arusha au Mbeya unaweza kuvumilia jua la siku nzima ukishazoea. Dar es Salaam, Mombasa na Muscat upe jua la kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, kisha kivuli au neti. Si majani yanayoungua kwanza. Ni chungu kidogo kinachopata moto na kuipika mizizi.

Mti uliotoka dukani usiutoe juani siku moja. Wiki ya kwanza saa moja ya jua la asubuhi, wiki ya pili saa mbili au tatu, kisha uache. Ukiuharakisha majani yataungua kingo.

Kama huna nje kabisa, uweke ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye dirisha lenye jua kuliko yote, mbali na hita na kiyoyozi. Ukitumia taa ya LED ya mimea, iwake saa 12 hadi 14 kwa siku.

*Dalili njema:* machipukizi mapya yana majani madogo yaliyokaribiana. Yakiwa marefu, membamba, yamepauka na kuinamia upande mmoja, mwanga bado hautoshi, na hakuna mbolea itakayorekebisha hilo.

## Hatua ya 2: Maji, mahali wengi wanapopotea

Acha ratiba. "Kila asubuhi" na "mara mbili kwa wiki" ni majibu yanayoua, kwa sababu mti haunywi kwa kalenda. Siku ya upepo na jua hunywa zaidi sana kuliko siku ya mawingu.

Pima kwanza. Chomeka kijiti cha mishikaki katikati ya shina na ukingo wa chungu, kina cha sentimita 3 hadi 4. Kiache dakika kumi, ukichomoe.

- Kimekuwa cheusi na kimelowa: subiri, pima tena jioni au kesho.
- Kina unyevu kidogo tu kwenye ncha: mwagilia sasa.
- Kikavu kabisa: umechelewa. Ruka kwenye kuzamisha, hapa chini.

Ukifanya hivi kwa mwezi mmoja, mkono wako utajua uzito wa chungu chenye maji na kisicho na maji, na kijiti utakiacha.

Mwagilia hadi chini. Pitisha maji juu ya udongo wote, ngoja dakika moja, rudia mpaka yatiririke kwenye matundu. Maji yanaposhuka huvuta hewa mpya nyuma yake, na mizizi inahitaji hewa hiyo sawasawa na maji. Kijiko kimoja cha maji kila siku hulowesha juu tu, huku moyo wa mizizi ukikauka siku baada ya siku na wewe ukiona udongo umelowa.

Kuzamisha. Miti mingi kutoka viwandani imepandwa kwenye bonge la udongo mfinyanzi, na juu yake pamebandikwa kokoto kwa gundi ili papendeze. Maji yanateleza pembeni, yanatoka chini, nawe unaamini umemwagilia. Ng'oa kokoto hizo siku ya kwanza. Kisha weka chungu ndani ya beseni, maji yafunike uso wa udongo kidogo, mpaka mapovu yaishe; dakika kumi kwa kawaida. Kitoe kichuruzike.

Tahadhari: chungu kisikae ndani ya sahani yenye maji. Na kunyunyizia majani hakuchukui nafasi ya kumwagilia. Kunaosha vumbi tu.

Kwa kukadiria tu: joto la pwani au la Ghuba linaweza kudai maji mara moja hadi mbili kwa siku, nyanda za juu mwezi Julai huenda kila baada ya siku mbili, na mti usio na majani wakati wa baridi ya Ulaya mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Kijiti ndicho kinachoamua.

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, kingo za majani zitakuwa kahawia na chungu kitaota ukoko mweupe. Kinga maji ya mvua, na kila ukipata mengi, yapitishe kwa wingi ili yaoshe chumvi iliyolundikana.

Kutofautisha kiu na kuzama. Kote kuwili majani huanguka, na hapa ndipo watu wanapotoa dawa isiyo ya ugonjwa wao. Mti wenye kiu majani yake hukauka yakiwa bado na ukijani, yanavunjika mkononi. Mti uliozama majani huwa manjano na laini, ncha za machipukizi zinakuwa nyeusi, na udongo ukiunusa unanuka uvundo.

## Hatua ya 3: Majani yakipukutika baada ya kuhamishwa

Elmi ikibadilishiwa mazingira inaweza kuangusha nusu ya majani au yote. Hiyo si kifo. Kwaruza gome: kukiwa kijani, mti u hai.

Punguza maji, usiongeze. Mti usio na majani haunywi karibu kitu. Uache mahali pamoja penye mwanga, pima kwa kijiti, usitie mbolea, usikate, usiuhamishe tena. Vijicho vya kijani kwenye vitawi huonekana kwa kawaida ndani ya wiki tatu hadi sita.

## Hatua ya 4: Kubadilisha udongo na kupunguza mizizi

Usifanye hivi siku uliyonunua. Upe mti miezi kadhaa uzoee, mpaka uone unachipua kwa nguvu. Kinachovunja kanuni hii ni kimoja tu: udongo unaonuka uvundo na mizizi inayooza.

Wakati mzuri ni pale macho ya mti (vichipukizi vilivyofumba) yanapoanza kuvimba kabla hayajafunguka. Ulaya ni kati ya Februari na mwanzoni mwa Aprili. Nyanda za juu za Afrika Mashariki, mwishoni mwa Februari au Machi mvua za masika zikikaribia, au baada ya baridi ya Julai kuisha. Oman na Ghuba, Februari, kamwe si kiangazi. Mti mchanga hudai kazi hii kila baada ya miaka 2, mkubwa kila baada ya 3 au 4. Dalili ni maji kutuama juu zaidi ya sekunde kumi kabla ya kuzama, au mizizi kuusukuma mti juu kutoka kwenye chungu.

1. Andaa chungu kabla ya kuugusa mti. Funika matundu kwa wavu, pitisha nyaya mbili ndefu kutoka chini, ncha zichungulie juu. Mizizi iliyo wazi hukauka kwa dakika chache. Fanyia kazi kivulini na uwe na maji ya kuilowesha.

2. Utoe mti udongo ukiwa na unyevu kidogo, si tope. Zungusha kisu ukingoni kama umegoma.

3. Chambua mizizi kwa kijiti, kutoka shinani kwenda nje. Ukikuta bonge la mfinyanzi katikati, usililazimishe lote. Ondoa nusu moja sasa, nusu ya pili msimu mwingine. Kulitoa lote kwa mkupuo hukata vijizizi vyote vinavyonyonya maji, na miti mingi hufia hapo mikononi mwa wenye bidii.

4. Kata si zaidi ya theluthi moja ya mizizi. Anza na ile minene inayoshuka chini, acha myembamba inayotambaa pembeni. Iliyooza, nyeusi na laini, ikate yote. Vipande vyenye unene wa penseli usivitupe, utavihitaji kwenye hatua ya 8.

5. Weka kichuguu cha mchanganyiko chini, kalisha mti, uzungushe kushoto na kulia ili udongo uingie chini ya shina. Kisha funga mizizi kwa zile nyaya mpaka ukinyanyua shina chungu kinanyanyuka nalo. Mti unaotikiswa na upepo hukata vijizizi vipya kila siku.

6. Jaza mchanganyiko, uchokonoe kwa kijiti mpaka uache kuzama. Acha sentimita 1 chini ya ukingo. Mahali shina linapopanuka kuwa mizizi paonekane.

7. Mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Hapo vumbi limeisha.

Baada ya hapo kivuli chenye mwanga, bila upepo, wiki mbili hadi tatu. Mbolea usiitie kwa wiki nne hadi sita, kwa kuwa mizizi iliyokatwa inaungua. Ukimwaga maji yakazama papo hapo na kutoka chini, na machipukizi yakasogea ndani ya mwezi, kazi imekubali.

## Hatua ya 5: Mbolea

Mti unapokua, tia mbolea ya maji kila baada ya wiki mbili, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tia kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa. Mti mgonjwa, uliopukutika au uliotoka kubadilishiwa udongo usiupe kitu. Mbolea si dawa.

## Hatua ya 6: Kupogoa

Hapa elmi ni ukarimu mtupu. Katika Guangdong, kusini mwa China, mabingwa wa mtindo wa Lingnan huijenga miti yao kwa mkasi kuliko kwa waya: acha tawi likue, likate, jicho jipya likielekea upande mwingine acha likue, kata tena. Elmi inaukubali mtindo huu vizuri sana kwa sababu huchipua hata kwenye mbao kuukuu.

Acha chipukizi lifikie majani 6 hadi 8, kisha likate libakie na majani 2 au 3. Kata juu kidogo ya jani linaloelekea upande unaoutaka, maana jicho lililo kwenye kikonyo cha jani hilo ndilo litakaloendelea. Ukitaka tawi litanuke, chagua jani la pembeni. Jani linalotazama juu litakupa kijiti kinachosimama wima.

Kileleni kata zaidi, chini kata kidogo. Elmi hupeleka nguvu juu, na mkasi ukitumika sawa kote, matawi ya chini yatadhoofika, kisha yatakufa mwaka baada ya mwaka. Tawi la chini lililokufa ni gumu mno kulirudisha.

Jambo linalowakera wengi: shina haliongezeki unene huku unakata kila mwezi. Unene unatokana na majani mengi na matawi marefu. Ukitaka shina nene, acha tawi moja la chini au kilele kikue huru msimu mzima au zaidi, kisha uliondoe.

Jeraha linalozidi unene wa penseli lipakwe dawa ya kufunika vidonda vya miti. Vichipukizi vingi vitatoka kuzunguka jeraha. Vipukuse kwa kidole vikiwa vichanga, la sivyo patavimba pakawa kama nundu.

## Hatua ya 7: Waya

Tumia waya wenye unene wa takriban theluthi moja ya tawi, uuzungushe kwa pembe ya nyuzi 45. Vitawi vichanga vinakunjika kwa urahisi. Tawi kuukuu la elmi hukatika ghafla, kwa hiyo likunje kidogo kidogo kwa wiki kadhaa au ulibadilishe kwa mkasi. Kagua kila baada ya wiki mbili. Mti unaokua kwa kasi humeza waya haraka, na alama hukaa miaka. Kuutoa, kata kila mzunguko kwa koleo. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja tawi ulilolihangaikia.

## Wadudu, madoa na baridi

Utando mwembamba na vidoa vyeupe juu ya jani ni utitiri mwekundu, hasa kwenye hewa kavu ya ndani. Majani yanayonata ni vidukari au wadudu gamba. Osha mti kwa maji ya nguvu kiasi, hasa chini ya majani, kisha nyunyiza maji ya sabuni laini, kijiko cha chai kimoja kwa lita, jioni, na urudie baada ya siku saba. Wadudu gamba wakwangue kwa mswaki. Kuwa mwangalifu na viuatilifu vinavyoingia ndani ya mmea: elmi ya Kichina inajulikana kuangusha majani ikipewa baadhi yake.

Madoa meusi kwenye majani ni ukungu. Okota majani yote yaliyoanguka, panua nafasi ya hewa kati ya matawi, mwagilia udongo badala ya majani.

Majani machache ya ndani kuwa manjano mara kwa mara ni kawaida. Mti unayatupa ya zamani.

Kwa walioko kwenye nchi za theluji: elmi iliyokaa nje inaweza kupukutisha majani yote na kulala. Iache ilale. Hatari ni mizizi ndani ya chungu, si matawi. Joto likikaribia kushuka chini ya nyuzi 5 hasi za Selsiasi, ihamishie gereji isiyo na hita, na uendelee kupima maji kwa kijiti. Usiiingize sebuleni katikati ya usingizi huo.

## Hatua ya 8: Miti mipya kutokana na mizizi uliyokata

Ile mizizi ya unene wa penseli ina thamani kuliko mbegu zinazouzwa mtandaoni kwa jina la "mbegu za bonsai". Ikate vipande vya sentimita 6 hadi 8. Upande uliokuwa karibu na shina ukate kwa mkato ulionyooka, upande wa chini ukate mshazari, ili usisahau upi ni upi. Kikigeuzwa juu chini, huenda kipande kisiote.

Chomeka kwenye mchanganyiko ule ule, ncha ya juu ibaki sentimita 1 nje. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kulowa, funika kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa kama hewa ni kavu. Vijicho vyekundu au vya kijani huchomoza kwenye mkato baada ya wiki nne hadi nane. Chagua chipukizi moja au mawili yenye nguvu, mengine yaondoe. Miaka miwili ya kwanza acha mmea ukue kwenye chungu kirefu cha kawaida bila kuukata, mpaka shina lifikie unene unaoutaka, ndipo uurudishe kwenye hatua ya nne.